Maswali na majibu: Sanamu kutokana na visasili vya Kigiriki

Nina gogo la mpingo la sentimita 60. Nitafute kisa gani?

Likague gogo kwanza, kitabu baadaye. Mpingo una kiini cheusi na tabaka la nje lililopauka, na kisa kinachoziomba rangi hizo mbili ni cha Daphne, binti wa mungu wa mto Peneus, aliyemkimbia mungu Apollo akageuka mti wa laureli. Mshairi wa Roma, Ovid, ameupanga mgeuko huo hatua kwa hatua: mwili unakuwa mzito, gome jembamba linafunika kifua, nywele zinakuwa majani, mikono matawi, miguu mizizi, na uso kilele cha mti.

Basi ngozi ichonge ndani ya kiini, na ule mpauko uwe gome linalompanda. Kabla ya kukata chochote, tazama ncha zote mbili, maana kiini mara nyingi hakikai katikati na huenda upande mmoja ukakosa mpauko wa kutosha. Mikono iinuke juu, ifuate nyuzi za mti. Ukiinyoosha pembeni unazikata nyuzi fupifupi, na mkono utavunjika begani au kwenye kiwiko ukiwa bado unapiga msasa. Ncha zipake nta siku ile ile gogo linapokatwa: hukauka upesi kuliko katikati, na hapo ndipo ufa huanzia. Ule mpauko nao hupendwa na wadudu, kwa hiyo utie dawa ya mbao kabla ya kung'arisha.

Ukitaka kuona wapi pa kusimamisha kisa, tazama picha za sanamu ya mchongaji wa Italia, Bernini, ya mwaka 1622–1625, iliyoko Galleria Borghese, Roma. Apollo amekwisha kumfikia, mkono wake uko kiunoni, lakini chini ya kiganja tayari pana gome.

Ikarus wangu wa udongo, yule kijana aliyeruka kwa mabawa ya manyoya na nta, ana mabawa makubwa na kila mara yanapasuka tanurini. Ninakosea wapi?

Sababu kwa kawaida ni mbili: unene usiolingana na haraka. Bawa liwe na unene wa sentimita 1 hadi 1.5 kila mahali, na kiwiliwili kiwe na uwazi ndani pamoja na kitundu cha kupitisha hewa. Changanya udongo na chenga za vigae vilivyosagwa, kama sehemu 1 kwa 4 za udongo. Kausha chini ya plastiki wiki mbili au zaidi, kwa sababu ncha nyembamba zikitangulia kusinyaa huvuta shina la bawa mpaka lichanike. Moto uanze chini ya nyuzi joto 100 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Maji yaliyobaki yakigeuka mvuke kwa ghafla, hulipua udongo. Au yachome mabawa peke yake, uyaunge kwa gundi ya epoksi baadaye.

Lakini kuna njia tunayoipenda zaidi. Ovid anasema nta iliyoshika mabawa ilipoyeyuka kwa jua, Ikarus alibaki akipunga mikono mitupu. Mfinyange hivyo: mikono wazi, nyuzi chache za kufungia zinaning'inia, unyoya mmoja umebaki kwenye kifundo. Anguko litaonekana, na tanuri halitakuwa na bawa la kupasua.

Sanamu yangu ya mtu anayekimbia, sentimita 40, inajikunja kabla sijamaliza.

Waya wa miguuni haubebi udongo mbichi. Chukua bomba la chuma la nusu inchi, lipinde kama herufi L, lifunge kwa skrubu kwenye ubao wa unene wa sentimita 2, kisha liingie mwilini kwa nyuma, kiunoni. Kiunzi chenyewe kiwe cha waya wa alumini wa milimita 4, mara mbili, uliosokotwa na kuzungushiwa waya mwembamba ili udongo ushike. Kifuani ning'iniza misalaba midogo ya vijiti. Bila hiyo udongo huteleza taratibu kuelekea tumboni. Kazi yenye waya ndani usiichome, kwani udongo unasinyaa na waya hausinyai. Toa kalibu ya plasta.

Medusa, yule mwenye nywele za nyoka, lazima awe na sura ya kutisha?

La. Yule aliyechongwa kwenye hekalu la Artemis huko Corfu, kisiwa cha Ugiriki, wa karibu mwaka 580 KK, ametoa meno na macho. Ovid anamtaja kama mrembo aliyenajisiwa na Neptune, mungu wa bahari, kisha akaadhibiwa yeye. Amua unamfuata yupi kabla ya kugusa udongo. Nyoka wasianze mmoja mmoja, watafanana na tambi: jenga kwanza mafungu makubwa matano au sita ya nywele, ndipo utenge nyoka wa unene tofauti. Kila kichwa kiguse shingo, shavu au nyoka mwenzake. Kinachoelea ndicho cha kwanza kuvunjika.

Je, Andromeda alikuwa Mwafrika?

Kisa cha Andromeda, aliyefungwa mwambani aliwe na dubwana la baharini, kinamwita binti wa Cepheus, mfalme wa Aithiopia, jina ambalo Wagiriki walilitumia kwa nchi za kusini mwa Misri bila mipaka ya leo, na Ovid mahali pengine anamtaja kuwa na ngozi ya giza. Wachongaji wengi wa Ulaya walimfanya mweupe hata hivyo. Kwa mchongaji kuna jambo jingine hapo: Perseus, shujaa aliyemwokoa, angemdhania sanamu ya marumaru, ila upepo ulitikisa nywele zake na machozi yakamtiririka. Nywele ziende upande mmoja, na mwili uliofungwa mwambani utulie kabisa.