Kabla hujatafsiri kipimo cha usonji, nisikilize mie niliyeungua

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma saikolojia Hispania kaniandikia: "Dada, nimepewa miezi miwili nitafsiri kipimo cha macho kwa ajili ya watu wenye usonji. Nianzie wapi?" Nilicheka peke yangu jikoni. Mie nilijipa wiki tatu.

Kipimo chenyewe mnakijua: picha 36 za macho matupu, kila moja na maneno manne, nawe unachagua linaloeleza anachowaza au kuhisi mwenye macho. Simon Baron-Cohen na wenzake walikitoa upya mwaka 2001, kwa Kiingereza. Nilikuwa Madrid, Kihispania kinanitoka kama maji, nikajiona fundi. Maneno 144, ukiyahesabu na yanayojirudia. Kazi gani hiyo?

Jinsia ndiyo iliyoanza kunikwaza. Sisi tukisema "amechoka" hujui ni baba au mama. Kihispania lazima uchague, cansado au cansada. Niliyaandika yote kiume kama yalivyo kwenye kamusi, mshiriki akaniuliza mbona mwanamke huyu ni nervioso, yaani mwenye wasiwasi, kwa umbo la kiume. Nikarekebisha. Kumbe katika utafiti wetu kulikuwa na swali jingine: macho haya ni ya mwanamume au ya mwanamke? Jibu nimeshaliandika chini ya picha! Halafu aburrido: ukiitangulizia está, mtu kachoshwa; ukiitangulizia es, yeye ndiye anayechosha. Likisimama peke yake halisemi ni lipi, na mtu anayelishika neno kama lilivyo atakwama hapo hapo.

Lakini kilichoniumiza hadi leo ni neno pena.

Tulikuwa pia na hadithi za watu wanaoteleza ulimi. Mgeni anayaponda mapazia, hajui mwenyeji kayanunua juzi. Swali: mgeni alipogundua, alijisikiaje? Kijana mmoja wa Colombia, mwenye usonji, alijibu "le dio pena", yaani aliona pena. Mwongozo wetu wa kusahihisha ulitaka "aibu". Kwa watu wa Madrid pena ni huzuni au huruma, basi nikampa sifuri. Siyo yeye tu, niliwapa sifuri watatu pamoja naye. Alipoona karatasi yake alisema taratibu, bila hasira: "Kwetu pena ndiyo aibu. Umenipima Kihispania cha Madrid." Kwao ndivyo, Mexico pia. Nilitamani ardhi inimeze. Tena nilikuwa nimeshawaonyesha wakubwa wangu jedwali, na mmoja wao (simtaji) aliendelea kunitania kwa pena mwaka mzima.

Na tafsiri rejea nilifanya, msidhani nilizembea. Mtu wa pili alirudisha kila kitu kwenye Kiingereza, kikatoka safi. Ila tafsiri rejea inakagua maswali, majibu ya watu haiyakagui. Hilo hakuna aliyeniambia darasani.

Kwa hiyo, mdogo wangu: keti na wenyewe. Kabla ya kuhesabu alama yoyote, mpe mtu mwenye usonji kila swali na umwombe akueleze kwa maneno yake ameelewa nini. Kisha keti na mwingine wa nchi nyingine. Kisha mwingine. Mwongozo wa kusahihisha uuandike baada ya kuwasikia. Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kunatoka pande zote mbili, ya wenye usonji na ya wasio nao. Sisi wapimaji tunapenda kusahau upande wetu. Tunakaa na kalamu nyekundu, tunasema huyu hasomi hisia za wenzake, kumbe sisi ndio tulioshindwa kusoma jibu lake. Acheni kiburi. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nacho.

Za fomu za maadili na vibali nisikuchoshe, utazijaza tu.

Miezi miwili haitoshi. Omba sita, na wakikukatalia, waulize watakaokujibu wanatoka nchi gani kati ya nchi 20 hivi zinazozungumza Kihispania. Yule kijana nilimrudishia alama zake, na wale wawili pia. Jedwali nililifuta lote.