Mjomba, mji umepoa

Majuma mawili yaliyopita niliandika hapa kwamba tunajisifu "Mtwara kuchele", kumekucha, lakini ikifika saa moja jioni katikati ya mji pamelala. Lindi hivyohivyo. Nikasema sababu moja ni kwamba tunauza vitu vilevile vya Kariakoo, kwa bei ya juu kidogo, halafu tunashangaa mteja akipanda basi. Mji hupata watu kwa kile ambacho miji mingine haina. Mmeniandikia kwa wingi, wengine kwa hasira. Hizi hapa chache ninazoziweza.

Shikamoo Mjomba. Nina duka la nguo Lindi mjini. Msimu wa korosho watu wana hela, lakini wakishalipwa wanakwenda kununua Dar. Ikifika Machi nakaa kufukuza nzi. Huo upekee wako utaniuzia shati?

Marahaba mpwangu. Shati hautakuuzia. Shati la Kariakoo litakuwa rahisi Kariakoo siku zote, na hapo usipoteze nguvu. Jiulize mtu wa Lindi hununua nini ambacho muuzaji wa Dar hajui hata kama kinatakiwa, wala kinatakiwa lini.

Mimi jibu langu ni jando na unyago. Likizo ya Juni na ya Desemba vijiji vyote vina shughuli. Mwali atoke na nguo mpya, mama yake awe na doti ya maana, mashangazi wataka kitenge cha sare, kungwi ana haki yake, na mjomba ndiye anayedaiwa vyote hivyo. (Nasema kwa uchungu. Mwaka jana nilitoa wawili.) Nguo za namna hii hazinunuliwi moja moja, hununuliwa kwa mafungu, na mnunuzi hataki kukosea jina la khanga mbele ya mawifi.

Sasa, mkulima akilipwa korosho analipwa kwa kupitia chama cha msingi na benki. Ndivyo ilivyo tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ulipoanza mwaka 2007. Kwa hiyo anakuja mjini kwa miguu yake mwenyewe, anakaa foleni, kisha ana saa mbili tatu za kungoja gari la kurudi na hana pa kukaa. Saa hizo ni zako. Weka benchi barazani, weka fundi cherehani, na fungua daftari: nani anamtoa mwanawe, mwezi gani, sare ya rangi gani, ametanguliza shilingi ngapi. Atangulize kidogokidogo tangu Novemba, achukue mzigo Juni. Huko Kariakoo hakuna anayemjua shangazi yake wala anayejua mwali anatoka lini. Wewe unajua, na ujuzi huo hausafirishwi kwa kontena.

Mjomba, mimi ni mama lishe karibu na stendi, Mtwara. Binti yangu anasema niache ming'oko na kisamvu niweke chipsi, ndicho vijana wanachotaka.

Dada, chipsi weka, sikukatazi. Ila ming'oko usiitoe. Abiria anayeshuka basi la Dar chipsi amekwisha kuziona Kibiti, ameziona Nangurukuru, na pengine mkononi anazo nyingine zimepoa. Ming'oko hajaiona. Ni mizizi ya porini, huchimbwa kwa jembe na subira, huchemshwa na chumvi kidogo, na akienda Dodoma au Mwanza hataikuta sokoni.

Kisamvu chako kitie nazi na korosho zilizotwangwa. Nunua vipande, usinunue nzima. Vipande bei yake iko chini na chunguni hakuna atakayejua tofauti. Kisha andika ubaoni jina la kila chakula na bei yake, kwa chokaa, herufi kubwa. Mgeni hulionea haya jina asilolijua, haulizi, anapita kwenda kwenye chipsi. Samaki nchanga, yaani panya wa shambani, sikushauri uandike. Hao waachie wateja wanaojua kuuliza kwa sauti ya chini.

Mjomba, ni kijana wa Newala, nachonga. Wenzangu wote wako Mwenge, Dar. Nibaki nifanye nini na hapa watalii hakuna?

Umenigusa kidonda. Kinyago cha Kimakonde kinajulikana duniani kote: ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana mabegani, shetani, na jicho lake moja na viungo visivyo na mpangilio. Juzi nimepokea mgeni kutoka Arusha, akataka kuona mtu anachonga. Tumezunguka Mtwara mjini asubuhi nzima bila kusikia patasi ikigonga mti. Mwishowe akaniambia, kwa upole, kwamba atapitia Mwenge akirudi. Nilitamani ardhi inimeze.

Kosa letu ni kumngoja mtalii. Mteja wako wa kwanza ni mwenye duka wa hapahapa. Pita barabara kuu utazame mabango: yamepakwa rangi za kampuni za simu na za soda, na jina la duka limebanwa kona kama mwanafunzi aliyechelewa. Mtaa wowote Tanzania uko hivyo. Mchongee mtu mmoja kibao cha mninga, jina lake na umbo la biashara yake: kinyozi na mkasi, fundi na cherehani, muuza samaki na changu wake. Umpe kwa bei ya chini, na hakikisha duka lake liko pembeni ya njia panda. Wa pili atakuja mwenyewe kwa wivu. Vikifika ishirini katika mtaa mmoja, huo mtaa umeshakuwa na sura yake, na atakayepiga picha ataambiwa nani kachonga.

Mpingo uutunzie kazi kubwa. Mti ule huchukua miaka 70 na zaidi mpaka kufaa kuvunwa, na kuukata kunataka kibali. Kilwa kuna vijiji vyenye misitu yao vinavyouza mpingo kwa utaratibu, na sehemu yake huishia Ulaya kwenye klarineti za okestra. Ulizia huko kabla hujanunua gogo lililosafiri usiku.

Mtaji: mkiwa kikundi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Na mkipata pa kufanyia kazi, iwe barazani. Mkijifungia uani mtachonga vizuri na mtakufa njaa.

Mjomba, niko halmashauri, jina nihifadhie. Tunafikiria sanamu kubwa ya korosho kwenye kipilefti, mji upate utambulisho. Maoni yako?

Sanamu haina kosa. Ila haiuzi chai, na katikati ya kipilefti hakuna anayeruhusiwa kusimama.

Tatizo la Mtwara ni la zamani zaidi. Mji huu ulipimwa kwa ndoto ya karanga. Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, walikuja na mpango wa kulima karanga kusini, wakataka bandari ya kina kirefu, reli mpaka Nachingwea, na barabara pana za mji mkubwa. Mpango ukafa mwaka 1951. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo tuna kata inayoitwa Reli bila hata pande moja la chuma. Barabara pana zimebaki. Ndiyo maana soko liko huku, ofisi kule, benki kwingine, ufuko wa Shangani upande wake. Watu tunao, ila hawakutani. Anayetoka ofisini saa tisa na nusu hapiti mbele ya anayeuza pweza.

Kwa hiyo fedha ya sanamu ningeitumia hivi: chagueni kipande kimoja cha barabara, mita 200 tu. Pandeni miti ya kivuli, wekeni taa, mabenchi, choo kinachofungwa na kufunguliwa na mtu anayelipwa. Jumamosi kuanzia saa kumi jioni magari yasipite. Pweza aje, mishikaki ije, mihogo ya nazi, kahawa na kashata, vikundi vya sindimba vipewe zamu. Nenda Forodhani pale Unguja jioni uone: kinachowaita watu ni moshi wa majiko na upepo wa bahari, na bila kulipa kiingilio. Jambo moja nakuomba kwa heshima zote, msianze kwa kuwahamisha wauzaji waliopo "kwa muda". Nimeuona muda huo. Hurudi peke yake, wauzaji wamekwisha potea.

Kama kitu cha kupigia picha ni lazima, zungumzeni na wenzenu wa Lindi, maana wao wanacho na hawakitumii. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria kilima cha Tendaguru. Babu zetu wakaibeba vichwani, siku kadhaa za mwendo, mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimama katika jumba la makumbusho Berlin tangu 1937, urefu wake kwenda juu mita 13.27. Mjadala wa kuirudisha uendelee, lakini kivuli chake kinadaiwa na nani? Chukueni kamba na rangi nyeupe, mchoreni chini, ukubwa wake halisi, mkia uanzie bandarini. Ni zaidi ya mita 20. Watoto watakuja kuhesabu hatua, wazazi watawafuata, na muuza juisi ya miwa atakuwa amefika kabla yao. Gharama yake hata posho ya kikao cha sanamu haifiki.

Mjomba, babu ametuachia nyumba ya mawe Mikindani. Ndugu wanataka ibomolewe tujenge fremu nne za maduka.

Fremu nne za nani? Pita barabarani uhesabu fremu zilizofungwa kwanza, halafu itisheni kikao cha ukoo.

Nyumba ya matumbawe na chokaa ikibomolewa haijengwi tena, kwa sababu mafundi wake wamekwisha na boriti za mikoko hazipatikani kirahisi. Na ninyi hapo Mikindani hamhitaji kubuni historia. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikuwa gofu, likakarabatiwa, likawa hoteli. Livingstone alianzia safari yake ya mwisho hapohapo mwaka 1866. Wageni wanaokuja kwa ajili ya hayo wanahitaji pa kula, pa kunywa kahawa na pa kulala kwa bei ya mtu wa kawaida. Chumba cha mbele chenye baraza kinatosha kuanza.

Ila nakusihi, usimruhusu fundi apige lipu ya saruji kwenye ukuta wa chokaa. Chokaa hupumua. Saruji huyafungia maji ndani, na baada ya mvua chache ukuta unaanza kumumunyuka kama biskuti kwenye chai, nanyi mtasema nyumba ilikuwa mbovu. Tumieni chokaa, hata kama fundi atawacheka.

Mjomba, nimesoma kwamba Uingereza wana Siku ya Matofaa. Sisi tukose Siku ya Korosho?

Ya kwao ilianza London, Covent Garden, tarehe 21 Oktoba 1990. Shirika la Common Ground liliona bustani za zamani zinakatwa na madukani yamebaki matofaa ya aina chache. Wakazileta aina za kienyeji mezani, watu waonje na kuzitaja kwa majina. Baada ya hapo miji na vijiji vingi vikafanya siku zao.

Korosho ina mikutano ya kutosha, na fulana zake. Mimi ningefanya Siku ya Mabibo. Oktoba hiyohiyo mabibo yanaiva, na mengi tunayaacha yaoze chini ya mkorosho baada ya kuchukua mbegu. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wanajua kuyafanya juisi na jemu. Wapewe meza moja sokoni, asubuhi hadi jioni, akina mama wajifunze na waonje. Uraka, pombe ya mabibo, nao mnaujua, lakini sherehe yenye watoto ianze na juisi.

Mjomba, mimi mzaliwa wa Masasi, naishi Dar. Desemba nakuja likizo kwa gari langu, nitapita Lindi na Mtwara kumwona shangazi kabla ya kwenda kwetu. Ninunue nini nisionekane nimekuja mikono mitupu?

Usitoke na kitu Dar, hilo la kwanza. Lindi simama, kula, nunua samaki. Korosho onja kabla hujalipa. Ikilainika mdomoni kama mkate imelala muda mrefu. Kinyago nunua kwa aliyekichonga, umwulize jina lake. Na ukifika Mikindani, shuka kwenye gari. Kila mwaka mnapita hapo vioo juu.