Kila Nikimpa ORS Anatapika

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Tangu jana anaharisha, na kila nikimpa ORS anaitapika. Pakiti imeandikwa lita moja, na kwa kuwa hamalizi, nachanganya nusu yake kwenye glasi. Jirani anashauri nimpe madafu au soda iliyoachwa wazi hadi gesi ikaisha. Nifuate lipi?
Mama, Mbagala

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Tuanze na hiyo glasi, maana ndiyo inayotutia wasiwasi. Nusu ya pakiti hiyo ilihitaji nusu lita; kwenye glasi ya mililita 250, chumvi na sukari vinakuwa maradufu. Vikiwa kwa kipimo, sukari husaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Vikizidi, utumbo huvuta maji kutoka mwilini na mtoto huharisha zaidi, na chumvi inaweza kupanda kwenye damu.

Kwa hiyo mimina pakiti nzima kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, au chupa mbili za nusu lita za dukani. Soma pakiti kila mara, kwani zipo za vipimo vingine. Usiongeze sukari, usiichemshe tena. Funika vizuri, na saa 24 zikipita mwaga kilichobaki bila kukionea huruma.

Kutapika mara nyingi huletwa na pupa, kwa sababu mtoto mwenye kiu hugida. Akitapika subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja cha chai kila dakika mbili. Utaona kama si kitu, lakini kwa saa moja ni mililita 150. Kila anapoharisha, lenga mililita 50 hadi 100. Aliyetimiza miaka miwili, 100 hadi 200. Mnyonyeshe kama kawaida, na uji asinyimwe.

Soda hapana: sukari tele, chumvi karibu hakuna. Dafu lina potasiamu nyingi ila sodiamu kidogo, haliwezi kushika nafasi ya ORS.

Omba pia vidonge vya zinki: kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa yako. Wengi huacha choo kikishafunga. Wewe maliza dozi. Dawa za kufunga choo usimpe kabisa.

Usingoje kupambazuke ukiona macho yameingia ndani, amelegea, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, choo kina damu, nepi imekauka kwa muda wa saa sita, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Mwahishe kituo cha afya, na beba chupa ya ORS na kijiko. Maadamu yu macho na anameza, endelea kumpa njiani, kwani foleni ya Barabara ya Kilwa inaweza kula saa nzima.