Printa ya Mkandarasi na Ndoo ya Korosho

SWALI: Shikamoo mzee. Nipo halmashauri huku Tandahimba, upande wa ujenzi. Mkandarasi anayetujengea madarasa aliona tunavyohangaika kwenda kutoa fotokopi mtaani, akatuletea printa mpya. Siku hiyohiyo akaniachia ndoo ndogo ya korosho zilizobanguliwa, eti za watoto. Wiki ijayo napima kazi yake ili alipwe. Wenzangu wanasema printa ni ya ofisi, haina neno, na korosho huku kwetu si zawadi, ni chakula. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Korosho rudisha leo, ukiwa na mwenzako mmoja. Ni kweli huku kwetu ni chakula. Mimi jirani akiniletea korosho au ming'oko napokea na kushukuru. Lakini huyu anasubiri saini yako. Mwambie kwa heshima kwamba kazi yake iko mezani kwako, ataelewa. Wala usimwambie alete baada ya malipo. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 inagusa kishawishi cha kabla na pia asante ya baadaye, na inamkamata anayetoa na anayepokea. Hoja ya ukarimu wa asili nayo tuliijaribu kwenye uchaguzi, wagombea wakiwakirimu wapiga kura, tukaiita takrima, hadi Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006.

Printa ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu zawadi ya ofisi inaonekana safi. Nilikuwa mkaguzi wa ndani miaka mingi, Lindi na Mtwara. Ofisi moja ililetewa jenereta na mtu aliyekuwa akiomba kazi pale. Haikuingizwa kwenye leja ya stoo, haikupigwa namba ya mali ya serikali. Mkuu wa ofisi alipohamishwa, jenereta ikapanda lori pamoja na makochi yake. Nilipofika nilikuta madoa manne ya miguu ya mpira kwenye sakafu, na mafuta yaliyokauka katikati. Karatasi hata moja hapakuwa nayo. Na yule mtoaji kazi alishapewa.

Wenzetu Marekani wanaliona hili vizuri. Mtumishi wa serikali kuu anaweza kupokea kitu kisichozidi dola 20 kwa mara moja, na dola 50 kwa mwaka mzima kutoka kwa mtoaji mmoja, fedha taslimu hapana. Ofisi yenyewe haipokei msaada ila kama sheria imeiruhusu. Kwetu, sheria ya maadili ya viongozi ya 1995 inaelekeza zawadi kubwa aliyopewa kiongozi iandikwe na kufikishwa kwa afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha na mali za ofisi. Wewe si kiongozi, lakini njia hiyo ndiyo ya kufuata, na afisa masuuli wenu ni mkurugenzi.

Kwa hiyo mwandikie mkurugenzi kupitia mkuu wako: nani kaleta, lini, ana mkataba gani nanyi, na kwamba malipo yake yanasubiri vipimo. Ukiniuliza mimi, irudi kwa mwenyewe. Msaada wa mtu asiye na faili kwenu ungekuwa na mjadala, huu hauna. Nakala ya barua baki nayo nyumbani. Siku ya kupima omba mwenzako muende wote, mshike tepu wawili, kila mmoja aandike namba zake.

Na hiyo printa isichomekwe kwenye umeme mpaka barua ijibiwe.