Kwa wanaoanza kuchunguza misaada ya kijeshi na mauaji ya kisiasa

Nilipoanza kazi hii nilipanga safu mbili, moja ya fedha za kijeshi ambazo kila nchi ilipokea kutoka nje na nyingine ya watu waliouawa kwa sababu za kisiasa. Nilipoona zinapanda pamoja, nikahitimisha kwamba msaada huzaa mauaji. Mwalimu wangu aliniuliza swali moja tu: je, misaada hiyo haipelekwi hasa kule ambako vita vimekwisha kuwaka? Nawasihi mjiulize swali hilo kabla ya kugusa takwimu yoyote.

Kilichonisaidia ni kuacha kulinganisha nchi na nchi, nikaingia ndani ya nchi moja. Kolombia ilipokea mabilioni ya dola za Marekani chini ya mpango ulioanza mwaka 2000. Wanauchumi Oeindrila Dube na Suresh Naidu walilinganisha manispaa zenye kambi za jeshi na zisizo nazo, wakaona kwamba msaada ulipoongezeka, mashambulizi ya wanamgambo, yaani makundi yenye silaha nje ya jeshi yaliyopigana na waasi, yaliongezeka zaidi penye kambi, ilhali ya waasi hayakupungua. Baadhi ya wanajeshi walikuwa wakishirikiana na wanamgambo hao, na sehemu ya nguvu iliyotolewa kwa jeshi iliwafikia wao.

Hata takwimu zenyewe msizipokee hivi hivi. Mwaka 2008 vijana waliotoweka Soacha, kando ya mji mkuu Bogotá, walipatikana wamezikwa mbali na kwao, katika eneo la Ocaña, wakiwa wameandikwa kuwa wapiganaji waliouawa vitani. Walikuwa wamedanganywa kwa ahadi ya kazi, na askari walioonyesha maiti walizawadiwa likizo na sifa. Mwaka 2021 mahakama maalumu ya amani ilisema kwamba watu wasiopungua 6,402 waliuawa kwa namna hiyo kati ya 2002 na 2008. Mtafiti aliyetumia ripoti za jeshi za miaka ile aliwahesabu watoto wa watu kuwa ushahidi kwamba msaada unafanya kazi, na jambo hili bado linaniumiza.

Mafunzo ya kijeshi nayo hayamfungi mtu kuitii serikali yake: Kapteni Amadou Sanogo, aliyeongoza mapinduzi ya Mali mwezi Machi 2012, alikuwa amesomeshwa Marekani.

Siku hizi nikipokea rasimu ya mtafiti mpya, kabla ya kutazama jumla ya dola natafuta jina la kikosi kilichopewa bunduki, mahali kilipopiga kambi, na mtu anayekiamuru.