Mfuko unaofuata fahirisi ya kampuni ndogo: asilimia 1.5 imepotelea wapi?

SWALI: Nataka kuweka 10,000 kila mwezi kwa miaka 20 kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaofuata fahirisi ya kampuni ndogo, yaani kipimo cha jinsi hisa za kundi la kampuni hizo zinavyokwenda sokoni. Ada yake ni asilimia 0.6 kwa mwaka. Taarifa inaonyesha kwamba kwa miaka mitano iliyopita fahirisi imekua kwa wastani wa asilimia 9.6 kwa mwaka, na mfuko asilimia 8.1. Nilipouliza, meneja alisema tofauti hiyo ni ya kawaida. Ni kweli? Na je, nianze sasa au nisubiri bei zishuke?

JIBU: Ndugu msomaji, umeshafanya nusu ya kazi kwa kutoa namba moja kwenye nyingine. Wengi huishia kwenye ile asilimia 8.1 iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kwako pengo ni 1.5. Ada inaeleza 0.6. Hiyo 0.9 iliyobaki ndiyo meneja anayopaswa kuitolea maelezo, na neno "kawaida" si maelezo.

Inaweza kuwa imeondoka kwa njia kadhaa. Hisa za kampuni ndogo huuzwa na kununuliwa kwa uchache, kwa hiyo pengo kati ya bei ya muuzaji na ya mnunuzi huwa pana, na mfuko ukiingia na oda kubwa huisukuma bei dhidi yake wenyewe. Pili, baadhi ya mameneja hawanunui kampuni zote za kwenye fahirisi. Huchukua sampuli, labda mia mbili kati ya elfu moja, wakitumaini sampuli itatembea kama kundi zima. Kwa kampuni kubwa sampuli inaweza kufaa, lakini kwa ndogo ni hatari, kwa sababu faida kubwa ya kundi mara nyingi hutoka kwa kampuni chache zilizopanda sana, na ukizikosa hizo chache umekosa safari. Tatu, mfuko hubaki na fedha taslimu kwa ajili ya wanaouza vipande vyao, na fedha hiyo hailimi. Kodi ya gawio, yaani ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, nayo huchukua kidogo.

Kabla ya yote, hakikisha hiyo 9.6 ni fahirisi ya aina gani. Fahirisi nyingi hutolewa kwa sura mbili: ya bei peke yake, na ya bei pamoja na gawio lililowekezwa tena. Mfuko wako hupokea gawio, kwa hiyo haki ni kuupima kwa hiyo ya pili. Kama waraka umetumia ile ya bei tupu, pengo la kweli ni kubwa kuliko 1.5. Mchezo huu ni mkongwe, na huandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo.

Usidharau hizo nukta. Weka 10,000 kila mwezi kwa miezi 240, yaani 2,400,000 kutoka mfukoni mwako. Ikikua kwa asilimia 8 kwa mwaka, ikijumlishwa kila mwezi, inafika karibu 5,890,000. Ikikua kwa asilimia 7, inafika karibu 5,209,000. Tofauti ni takriban 680,000. Ni kama mtu amechukua michango yako ya miezi 68 akaondoka nayo, kwa pengo la asilimia 1 tu.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, na kwangu ndilo zito kuliko ada: fahirisi yenyewe ni ipi? "Kampuni ndogo" si kitu kimoja. Russell 2000 ya Marekani, iliyoanza 1984, huchukua kampuni za nafasi ya 1,001 hadi 3,000 kwa thamani sokoni, ziwe na faida au zisiwe nayo. S&P SmallCap 600, ya 1994, haiingizi kampuni mpya mpaka jumla ya faida ya robo mwaka nne zilizopita iwe juu ya sifuri, na ya robo mwaka ya mwisho vilevile. Zote mbili huitwa za kampuni ndogo za nchi moja, lakini kwa muda mrefu tangu 1994 hiyo yenye sharti la faida imeitangulia nyingine. Nifty Smallcap 250 ya India nayo ni kampuni za nafasi ya 251 hadi 500, ambazo kwingine zingehesabiwa za kati. Kwa hiyo fungua kanuni za fahirisi usome mambo matatu: kampuni inaingiaje, inatolewaje, na orodha hupangwa upya mara ngapi. Kila upangaji ni ununuzi na uuzaji unaolipiwa na mfuko. Mbaya zaidi, wafanyabiashara wa soko hukisia mapema kampuni zitakazoingia, huzinunua kwanza, kisha huziuzia mifuko kwa bei ya juu.

Kuna na hili: kampuni ndogo ikifanikiwa hukua mpaka ikatolewa kwenye fahirisi, na iliyoporomoka kutoka kwenye kundi la kubwa huingizwa. Ndivyo fahirisi hizi zilivyo, huwezi kulikwepa. Utafiti wa Rolf Banz wa 1981 ulionyesha kampuni ndogo za Marekani zikilipa zaidi ya kubwa kwa miongo kadhaa, na watu wameshikilia hilo mpaka leo, lakini ziada hiyo haijajitokeza kwa uthabiti uleule tangu hapo. Usiingie ukidhani umeahidiwa.

Kuhusu kuweka kila mwezi, tuchukue miezi minne. Bei ya kipande ni 100, halafu 80, halafu 50, halafu inarudi 80. Kwa 10,000 kila mara unapata vipande 100, 125, 200 na 125, jumla 550. Umetoa 40,000, na mkononi una 44,000, ingawa bei bado iko chini ya ulipoanzia. Mwezi ule bei ilipokuwa 50, ambao watu husitisha michango, ndio uliokubeba.

Lakini wauzaji husimama hapo, na hapo si mwisho. Ukifika mwaka wa 15 umeshachangia mara 180. Soko likianguka asilimia 40, mchango wa mwezi huo ni tone, hauwezi kulinda lundo zima. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 Russell 2000 ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Kilele chake cha Novemba 2021 hakikupitwa wakati wa kufunga soko mpaka Septemba 2025, karibu miaka minne. Mwenye kuhitaji ada ya shule ndani ya kipindi hicho angeuza kwa hasara. Ndiyo maana mimi ningeiweka sehemu hii kwenye moja ya tano ya uwekezaji wako wa hisa, si zaidi, iliyobaki iwe kwenye mfuko wa soko zima, na ningeanza kuihamishia mahali pasipoyumba sana, kidogo kidogo, miaka mitano kabla ya kuhitaji fedha.

Angalia pia kama kuna makato ya kiasi maalumu kwa kila mchango. Makato ya 300 kwenye 10,000 ni asilimia 3 kabla hujawekeza chochote. Ikiwa yapo, changia 30,000 mara moja kila miezi mitatu.

Kuhusu kuanza sasa au kusubiri: mtu wa miezi 240 hana sababu ya kusubiri mwezi mmoja. Lakini usianze na mfuko huu kabla meneja hajakujibu kwa maandishi hiyo 0.9 imekwenda wapi. Kama kuna mfuko mwingine unaofuata fahirisi ileile na pengo lake halifiki 0.8, nenda kwa huo.