Toa saa kwenye jiliwa kwanza, mengine baadae

Usikaze. Kama ushaanza kukaza, legeza, kisha ndio usome.

Habari yako nimeifahamu: saa umeifungua mwenyewe, betri umetia, akrabu zinakwenda, lakini mfuniko wa nyuma umegoma kurudi. Sasa unataka uende kwa jirani yako seremala ukaibane kwenye jiliwa lake, kile kibanio cha chuma cha mezani, "kidogo tu, na kitambaa chini yake". Ukauliza pia kama betri uliyotia ndiyo yenyewe, mkanda wa ngozi upate wapi mjini, na kama utaweza kuogelea nayo Nungwi. Na kwenye majibu ya hapo juu washatokea wawili kukwambia haina neno, bana taratibu. Wallahi hao wawili ningelijua wanakaa mtaa gani ningewafuata na bakora.

Yakhe, jiliwa halina taratibu. Limetengenezwa lishike mbao na vyuma, na ule mkono wake ukiuzungusha kidogo tu, parafujo inaizidisha nguvu yako mara nyingi kabla haijafika kwenye meno. Wewe kiganjani huhisi kitu. Kioo kinahisi chote. Na hicho kitambaa unachokitegemea kikishabanwa kinakuwa bapa, kazi yake inabaki kuzuia mikwaruzo tu.

Nayajua haya kwa sababu ya saa ya mkwe wangu. Si yangu, ya mkwe. Aliletewa na kaka yake kutoka Maskati, na alikuwa akiivaa Ijumaa na kwenye harusi, siku nyengine inalala kabatini ndani ya soksi. Ilisimama, na mie kwa kujipendekeza nikasema, "Lete baba, betri tu hiyo." Mke wangu akaniambia nimpelekee fundi Darajani. Nikamwambia kwani fundi ana nini nisichokuwa nacho. (Ana akili, lakini hilo nililijua baadae.)

Nilishatizama video. Kuna bwana mmoja, simtaji, ana meza safi, taa kila upande na sauti ya kubembeleza mtoto. Anafungua saa, anatia betri, anaiweka kwenye jiliwa, kitambaa huku na huku, anakaza, tak, imefunga, anacheka. Basi. Hakusema saa yake ina kioo gani. Hakusema mfuniko unakaa kwa upande gani. Nilikuja kumtizama tena msiba ushatokea, na katika video nyengine saa ile ile anaisugua kioo kwa dawa ya meno na mikwaruzo inatoka yote. Kioo kinachosafika kwa dawa ya meno ni plastiki! Plastiki ukiikandamiza inabonyea, ukiiachia inarudi. Ya mkwe ilikuwa kioo kweli, chenye tumbo kidogo juu. Watu malaki wamemtizama bwana yule, na wanaomshukuru chini ya video hawahesabiki. Wenye vioo vilivyopasuka nadhani wote tumenyamaza kwa haya.

Basi nikaitia. Nikakaza, haifungi. Nikakaza tena, mfuniko ukatoa mlio mdogo upande mmoja, nikafurahi nikajua unaingia. Nikaongeza kidogo. Nikasikia "ka!", mlio mkavu, nikasema alhamdulillahi. Nikaigeuza. Ufa umetoka penye tisa mpaka penye mbili, na juu karibu na kumi na mbili kipande cha ukubwa wa punje ya mchele hakipo. Mfuniko nao uko vile vile, haujafunga. Wanasema vita vya hapa mjini kwetu Unguja vya 1896, vilivyomalizika chini ya saa moja, ndivyo vifupi kuliko vyote duniani. Hawakuniona mie na jiliwa.

Sasa sikiliza kilichotokea ndani, maana na wewe unakwenda huko huko. Kioo ukikikandamiza sawasawa uso mzima kinastahamili sana. Kisichostahamili ni kupindwa. Saa yenye tumbo ukiilaza juu ya meno ya jiliwa, inagusa pale katikati tu. Nguvu yote ya kuufunga mfuniko inapita kwenye ile nukta, kioo kinapindika kuelekea ndani, upande wa ndani unavutika, na penye kikwaruzo au kibanzi kidogo cha ukingoni ndipo ufa unapoanzia. Ukishaanza haushiki breki. Na usije ukanambia yako ni safaya, kile kioo kigumu cha saa za bei, kwa hivyo imara. Safaya kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ni 9, almasi ni 10, ndio maana haikwaruziki. Lakini kutokukwaruzika ni jambo moja na kutokuvunjika ni jengine. Ukiipinda inapasuka hivyo hivyo, na bei yake utaijutia zaidi.

Lakini kuvunjika kioo ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kioo kikipasuka kinatoa unga, unaouona na usiouona. Mie nikachukua kitambaa cha pamba nikaufuta. Nafuta huku nausugulia kwenye rangi ya uso wa saa, na ile rangi ni nyembamba ajabu. Ikabaki michirizi kutoka penye tisa kwenda juu, ipo mpaka leo. Kitambaa kikanasa akrabu ya sekunde kikaipinda juu. Nikaona nipulize kwa mdomo, nikatia na mate. Ungeniona ungeniuliza kama nalipwa kuiharibu.

Kwa hivyo kama chako kimeshapasuka (Mungu aepushe), usifute na usipulize. Igeuze saa kifudifudi, uigonge polepole kwa kidole unga udondoke wenyewe, kisha tumia kile kibomba cha mpira cha kupulizia hewa kavu. Halafu iache. Ifunike kwa bilauri na upeleke kwa fundi kama ilivyo.

Mie sikuiacha. Nikatafuta kioo duara kinachokaribia ukubwa, nikakigandisha kwa gundi kali, hii ya kuunganishia viatu na vikombe. Usijaribu. Ile gundi inapokauka hutoa mvuke, mvuke unashika unyevu wa hewani unakuwa ukungu mweupe, na unyevu hapa kwetu ndio tunaoulalia na kuuamkia. Asubuhi nikaiona saa ya mkwe ina mtoto wa jicho. Ukungu uko chini ya kioo, juu ya uso, hata kwenye akrabu. Na kumbe kioo chenyewe cha asili hakikuwa na gundi hata tone, kilishindiliwa na pete nyembamba nyeupe ya plastiki, ambayo mie nilishaitupa nikidhani ni takataka ya kiwandani.

Ndipo nikenda kwa fundi, yule niliyeambiwa mwanzo. Mzee, ana kimeza chenye sanduku la kioo na lenzi yake ya jichoni. Akaigeuza geuza.

"Kijana, hii uliifunga kwa nini?"

"Kwa mkono, mzee."

Akanionesha ubavuni mwa saa, alama za jiliwa zimepangana vizuri. "Mkono wako una meno?"

Nikacheka pekeyangu. Kisha akachukua mfuniko akaugeuza ndani, akanionesha kwa ncha ya koleo kitu ambacho bwana wa video hakukitaja kabisa. Kwenye ule ukingo wa ndani pana mwanya mdogo, umekatwa makusudi. Kile kijiti cha kifundo, hiki tunachokivuta kutengezea saa, kinapita hapo hapo. Mwanya usipokaa juu ya kijiti, ukingo wa mfuniko unakaa juu ya kijiti, na hapo ukibana kwa jiliwa au kwa winchi ya bandarini haufungi. Unavunja kitu chengine tu. Mie nilikuwa nimeuweka upande kabisa. Kumbuka ukiilaza saa kifudifudi kifundo kinahamia kushoto, wengi hukosea hapo. Na kile kidomo cha nje unachopenyezea kisu kufungulia usikifanye ndio alama, hakiko lazima upande mmoja na mwanya.

Alipokuja kuifunga, kioo kipya kishapatikana, nilisimama pale nikamtizama. Alichukua kipande cha bomba la maji la plastiki, kifupi, kingo zimesuguliwa sawa, akakisimamisha mezani. Akailaza saa juu yake, ule ukingo wa chuma unaozunguka kioo ndio unaokaa kwenye bomba, kioo chenyewe kinaning'inia ndani ya uwazi, hakigusi kitu chochote. Akaupanga mwanya kwenye kijiti, akautizama mpira wa kuzuia maji umelala kwenye mfereji wake, akaanza kwa dole gumba upande wa kijiti, la pili upande wa pili. Tak. Bila jasho.

Hilo ndilo nililokuja kukwambia, mengine yote nimekuwa nikilizunguka: nguvu ipite kwenye chuma, isipite kwenye kioo. Hata vile vibanio vya mkono vinavyouzwa mtandaoni na visahani vyao vya plastiki ni shauri moja. Watu huchagua kisahani kinachoenea juu ya kioo, eti kimekaa vizuri. Chagua kilicho kikubwa kuliko kioo na chenye uwazi katikati, kikae kwenye ukingo wa chuma tu. Kama kwenye boksi hamna kinachofaa, rudisha boksi. Nguvu kwenye chuma. Hata kama ni dole gumba lako, usiishike saa kwa vidole vilivyokandamiza kioo kwa chini. Kwenye chuma!

Na mfuniko ukikataa dole gumba, sababu ipo, itafute. Mwanya haujakaa. Au mpira umetoka kwenye mfereji umebanwa. Au ile pete ya plastiki inayoishika mashine imenyanyuka upande mmoja ulipokuwa ukitoa betri. Au betri haijaingia chini ya kibanio chake. Ipo mifuniko michache migumu kikweli isiyoingia bila kibanio, lakini hiyo mpe fundi, bei yake ni sahani ya urojo na soda.

Mie nililipa kioo, akrabu, kusafishwa mashine na kazi ya kuutoa ule ukungu, na kioo chenyewe ilibidi kiagizwe kwa sababu juu kina tumbo na chini kimelala. Muda wote huo mkwe wangu, mtu wa adabu zake, hakuniuliza hata siku moja. Kila nikenda kumsalimia anavuta mkono wa kanzu, anatizama mkono mtupu, kisha ananiuliza adhana imebaki muda gani. Mke wangu ndiye aliyeniuliza, kwa niaba ya ukoo mzima.

Betri: tizama nambari ya ile uliyoitoa, utie hiyo hiyo. SR626SW, au 377 ambayo ndiyo hiyo, ina upana wa milimita 6.8 na unene wa 2.6. SR621SW upana ni ule ule, lakini unene ni 2.1. Ukitia nene penye nyembamba mfuniko nao unaweza kukataa, angalia na hilo. Zile AG4 za kwenye pakti zinaenea pahala pa 626 lakini ni alikali, zikikaa huvuja, na zikivuja zinakula mashine.

Sasa fanya hivi: piga picha mbili, moja ya mashine na moja ya mfuniko kwa ndani, uzitupe hapa. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa ndani mwanya utauhisi. Mie nipo mpaka baada ya isha. Hao wawili wa hapo juu wakikujibu kabla yangu, usiguse kitu.